Kanga Haikuletwa

Kila mjadala wa vazi la taifa unapofufuka hapa Dar es Salaam, kama ulivyofufuka mwaka 2011 na 2012, husimama mtu, mara nyingi msomi, akaufunga kwa maneno matatu: kanga si yetu. Kisha hupanga hoja zake. Wareno waliileta, Waingereza na Waholanzi wakaichapa, Wahindi wakaiuza, na leo inashushwa bandarini ndani ya makontena kutoka India na China. Sisi, kwa maelezo hayo, tulikuwa wavaaji tu. Nimeyasikia maneno haya kwenye semina, redioni, na kwenye vijiwe vya kahawa kuanzia Kariakoo hadi Kivukoni, na kila mara watu huyapokea kwa kuitikia, kana kwamba hakuna la kuongeza.

Mimi nayapinga. Siyapingi kwa sababu ya kuipenda kanga, ingawa naipenda. Nayapinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu yanawapokonya kazi yao watu ambao walikwisha kupokonywa karibu kila kitu kingine.

Tuanze na Mreno, maana ndiye anayetajwa kwa uhakika mkubwa kuliko wote. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianguka mikononi mwa Waomani mwezi Desemba 1698. Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata, na tangu hapo hawakutawala mji wowote kaskazini ya mto Ruvuma. Kanga, kwa maana ya kitambaa chenye pindo pande zote nne na mji katikati, inaanza kuonekana katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Baina ya Mreno wa mwisho wa Mombasa na kanga ya kwanza ya Unguja imepita miaka mia moja na arobaini au zaidi. Huyo Mreno aliileta lini, na aliificha wapi muda wote huo?

Watetezi wake hukimbilia hadithi ya leso. Wanasema wanawake wa Unguja walikuwa wakinunua leso za kuchapwa kiwandani, zilizokuja zikiwa jora zima, hazijakatwa. Badala ya kununua moja moja, wakanunua sita kwa mkupuo, wakazigawa tatu tatu, wakaviunga vipande viwili kwa urefu, likapatikana vazi la kujifunga na la kujitanda. Na kwa kuwa neno leso asili yake ni Kireno, basi hukumu imetoka. Lakini meza na bendera nayo ni maneno ya Kireno, wala sijasikia mtu akisema bendera ya Tanzania ni ya Ureno.

Hata tukiikubali hadithi hiyo kama ilivyo, hebu tuiangalie inasema nini. Nani alinunua leso sita wakati mwenye duka alizoea kuuza moja? Nani alishika mkasi? Nani aliona kwamba michoro iliyokusudiwa kukaa mfukoni inaweza kukaa kiunoni na kichwani, tena ikapendeza zaidi? Lisbon hawakufanya hivyo, wala Manchester. Mbunifu yumo ndani ya hadithi, ametajwa kwa jinsia yake na kwa mji wake, na bado msimuliaji akimaliza anampa sifa mwenye kiwanda.

Utafiti wa karibuni umekwenda mbali kuliko hadithi hiyo. Mwanahistoria wa sanaa MacKenzie Moon Ryan anaweka kuzaliwa kwa kanga katika mwongo mmoja, kati ya mwaka 1876 na 1886, na anaonyesha kwamba haikutokana na leso peke yake. Ndani yake mna merikani, mna vitambaa vilivyogongwa chapa kwa mkono Unguja penyewe, mna leso, na mna mapindo ya batiki za kuigiza ambazo Waholanzi walikuwa wakichapa kwa ajili ya soko la kisiwa cha Java. Viungo vya pande zote za dunia, ndiyo. Lakini vilikutana kwenye mji mmoja, kwa sababu katika mji huo walikuwapo wanunuzi waliojua wanachokitaka.

Hiyo merikani inastahili maelezo kidogo. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini na Seyyid Said mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja. Majora ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya New England yakaenea pwani, yakapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, yakawa yanatumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata shehena, viwanda vya Bombay vikaja kuchukua nafasi, na jina likabaki lile lile. Kwa wengi, hata hivyo, merikani nyeupe na kaniki iliyotiwa nili yalikuwa mavazi ya unyonge. Ndivyo vitambaa walivyovaa watumwa na maskini wa Unguja.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria visiwani mwaka 1897, na Tanganyika ilisubiri hadi 1922. Tarehe hizi ziweke kando ya ule mwongo wa 1876 hadi 1886 uone zinavyokaa. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza kwa kina namna wanawake waliotoka utumwani Unguja walivyoacha merikani na kaniki wakachukua kanga, na namna uchaguzi huo ulivyokuwa tamko la kwamba wao sasa ni watu wa mji, si mali ya mtu. Wengine walianza na kile kile walichokuwa nacho: wakachukua merikani, wakaitia rangi, wakaigonga michoro. Mwanamke ambaye jana alivaa alichotupiwa, leo akataka kuchagua rangi, akataka kuchagua pindo, akataka jirani yake asivae kama yeye. Hapo ndipo ilipotoka kanga. Ukisema ililetwa na Mreno, huyu unamfuta, na huyu tayari alifutwa mara moja.

Najua jibu litakalokuja: sawa, walichagua, lakini kuchagua si kubuni. Mwenye mashine ndiye aliyetengeneza.

Jibu hilo linatokana na kutojua biashara ya pwani ilivyokwenda. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alikuwa akielekea nchi ya Wamasai na shehena ya shanga. Alipofika Taveta akaambiwa shanga zake, kwa jinsi zilivyotungwa, hazina thamani kule aendako. Wamasai wanazitaka kwenye nyuzi za urefu na mtindo wao. Ikabidi msafara mzima ukae ukizitunga upya, makumi ya maelfu ya nyuzi, kabla ya kuthubutu kusonga mbele. Richard Burton kabla yake alijaza kurasa kwa majina ya aina za shanga na vitambaa, kwa sababu aliyekosea rangi alikufa njaa njiani akiwa na mizigo tele. Mwafrika wa karne ya 19 tunayefundishwa kwamba alipokea chochote kinachong'aa hayumo kwenye maandishi ya watu waliojaribu kumuuzia.

Kanga ilizidisha hali hiyo. Mitindo ya Unguja ilibadilika haraka mno, na mfanyabiashara aliyeagiza mchoro uliokwisha kupitwa alibaki na marobota yasiyouzika. Kwa hiyo wenye viwanda hawakuthubutu kubahatisha. Wauza nguo wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam waliangalia nini kinachukuliwa na nini kinakataliwa, wakakusanya michoro na maneno, wakapitisha oda kwenye nyumba za biashara za Kiingereza na Kijerumani zilizokuwa Unguja, na meli zikapeleka Manchester na Uholanzi. Miezi ikapita, mzigo ukarudi, na wanawake wakautolea hukumu. Fundi cherehani akikushonea gauni kwa kitambaa ulichochagua, kwa mshono uliomwelekeza, halafu ukamrudishia mara mbili mpaka likakaa unavyotaka, hutamwambia mtu kwamba umevaa ubunifu wa cherehani.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya jumla na rejareja yanayopakana na Mnazi Mmoja, asimame pembeni dakika chache. Muuzaji, kijana, anaitandaza doti juu ya meza kwa mkono mmoja, vipande viwili bado vimeungana, vinasubiri kukatwa na kupindwa na fundi aliyeko barazani. Mteja ni mama wa makamo. Hasemi neno. Kwanza anashika pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, anakisugua kusikia kama uzito ni wa pamba au wa wanga utakaotoka kwenye maji ya kwanza. Kisha anakigeuza aone upande wa nyuma, kama rangi imepenya au imelala juu juu. Anapima kwa jicho kama mji umekaa katikati ya pindo au umevutwa upande. Mwisho kabisa ndipo anasoma jina, yaani yale maneno yaliyochapwa, anasoma kimoyomoyo, na uso wake unabadilika kidogo.

"Hii mwanangu itachuja," anasema.

"Mama yangu, hii haichuji, hii ya India kabisa."

"India ndiyo nini? Nionyeshe ile nyingine, yenye pindo jembamba. Na maneno haya nimpelekee nani, unataka nigombane na wifi yangu?"

Maduka yote mtaani huko yanaishi kwa hukumu za namna hiyo. Jina lisilopendwa halirudi tena kwenye oda inayofuata. Pindo lililokataliwa Kariakoo halichapwi tena kiwandani Mumbai. Huyo mama hajui jina la kiwanda, na kiwanda hakijui jina lake, lakini kati yao wawili anayetoa amri ni yeye.

Maneno ya kanga nayo yana hadithi yake, na hapa wapinzani wangu hudhani wamenipata. Anayesifiwa kwa kuanza kuchapa maneno kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20, ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Basi, wanasema, si umekiri mwenyewe? Ni Mhindi. Nauliza: Mhindi wa wapi? Duka lake lilikuwa Mombasa, wateja wake walikuwa wa Mombasa, na maneno aliyochapa yalikuwa Kiswahili, kwanza kwa herufi za Kiarabu kama Waswahili walivyokuwa wakiandika lugha yao kwa karne nyingi. Alichochapa ni mafumbo yaliyokuwa tayari vinywani mwa wanawake, na yaliuzika kwa kuwa wao waliyatambua. Mtu aliyeishi pwani, akafanya biashara pwani, akasikiliza pwani inasema nini, akaipelekea maneno yake Ulaya yakachapwe, namhesabu kuwa ndani ya sisi. Anayemtoa nje kwa sababu ya asili ya babu zake ajiandae kuwatoa na wengine wengi, maana pwani hii haina ukoo usiokuwa na babu aliyeshuka jahazini au aliyetoka bara na msafara.

Sisemi kwamba kila kinachoonekana mjini kwetu ni chetu kwa kuwa tumekizoea. Kipimo changu kina makali pande zote mbili. Nenda kwenye mzunguko wa Samora na Maktaba, uitazame Sanamu ya Askari. Mchongaji ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Shaba yake ilitengenezwa London. Ilizinduliwa mwaka 1927, na maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling. Inamwonyesha Mwafrika, imo kwenye kadi za posta, imekuwa alama ya jiji, na watoto wetu wanaagizana kukutana hapo. Lakini wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliowekwa kambini pale panapoitwa leo Kariakoo, wale waliobaki hai, hakuna aliyewauliza wanataka kukumbukwa vipi. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana, ibadilisheni. Ile ni ya kuletwa kweli. Tofauti ya sanamu na kanga haiko kwenye mahali zilipotengenezwa, kwa maana zote zilitengenezwa Ulaya. Iko kwenye nani aliagiza, na nani angeweza kukataa.

Kipimo hiki ndicho wanachotumia wenzetu wote wakijizungumzia wao, ila hawatukumbushi kukitumia sisi. Suruali ya jinzi ilipewa hataza Marekani mwaka 1873 kwa majina ya Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, na Levi Strauss, mzaliwa wa Bavaria, na kitambaa chake kina ukoo wa Ufaransa. Hakuna anayesema jinzi si ya Wamarekani. Chai ilitoka China, na Mwingereza hajawahi kuombwa aikane. Hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za kiwandani. Akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Mwenye kopo la rangi hajadai zile picha. Basi kwa nini mwenye roli la kuchapia adai kanga?

Kuna na kundi la pili, ambalo nia yake ni njema, linalojibu kwa kusema kanga ni vazi la kale la mababu, la tangu na tangu. Hao nao wanakosea, na kosa lao linawapa nguvu wapinzani, kwa sababu mtu akishapata tarehe ya 1876 anadhani ameshinda. Kitu hakihitaji kuwa cha kale ili kiwe chetu. Kanga ina umri wa miaka 150 hivi. Ilibuniwa na watu wa mjini, wakati wa misukosuko, kwa vitu vya dukani. Mimi naona hiyo ni sifa kubwa kuliko ukale.

Hoja moja ya wapinzani nairidhia, na ni nzito: faida. Kwa miongo mingi fedha za kanga zilikwenda Manchester, Helmond, baadaye Japani, na sasa India na China. Ni kweli, na inauma. Lakini hayo ni maneno ya viwanda, wala hayabadilishi aliyebuni. Tena naamini kuchanganya mambo haya mawili kumetuponza. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, pamoja na Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma na Sunguratex hapa Dar, vilichapa kanga na vitenge vya nchi nzima. Viliposhuka baada ya soko kufunguliwa na mitumba kuingia, wengi tulitazama kama watu wanaopoteza biashara ya kuiga vya wenzao. Laiti tungejua kwamba tunapoteza mashine za kuchapia ubunifu wetu wenyewe, pengine kelele zingekuwa kubwa zaidi.

Na hasara haijaisha. Mwaka 2007 ilijulikana Kenya kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili jina "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Ilibidi watu wahangaike kuweka pingamizi mpaka ombi hilo likaanguka. Mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya msimu wa kiangazi wa 2012 yalitoka na miraba ya shuka ya Kimasai. Wamasai wa Kenya na Tanzania wamejipanga kupitia Maasai Intellectual Property Initiative kudai haki yao, na wa kwanza kuwabishia watakuja na sentensi ile ile tunayoisema wenyewe kwenye vijiwe vyetu: shuka si yenu, ilitoka viwandani Uingereza. Wakili wa kampuni kubwa hahitaji kutunga hoja ikiwa wenye mali wamekwisha kumtungia.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mchoro wa kanga ni kazi ya sanaa, na jina la kanga lililotungwa na mtu ni kazi ya fasihi. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo akiagiza mchoro mpya leo, wiki chache baadaye anaukuta duka la jirani ukiwa kwenye kitambaa chepesi zaidi, na haoni pa kwenda kwa sababu hata yeye amekwisha kuamini kwamba hakuna aliyebuni kitu. Wachoraji waliofanya kazi Urafiki na Mwatex walifanya kazi hiyo maisha yao yote, na kitambaa hakikuwahi kubeba jina la hata mmoja wao. Wauzaji wakongwe wa Mtaa wa Uhuru wanakumbuka ni jina gani lilimaliza mzigo kwa siku moja na ni lipi lilikaa rafuni mpaka likafifia, na wanakumbuka nani alilileta dukani.

Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo wa miguu kutoka Feri. Naitaka itume watu wakawatafute hao wachoraji na hao wauzaji, iandike majina yao na kanga zao, na iwaandike wabunifu wa kanga kwenye maelezo yake kwa jina la haki: wanawake wa Unguja na wa pwani, wengi wao waliotoka utumwani. Waliobaki wenye kumbukumbu hizo ni wazee, kwa hiyo kazi ianze mwaka huu.